Namna ya Kuanzisha Msitu wa Kijiji Bila Kumfukuza Mchoma Mkaa

Kila mgeni anayekuja kijijini kwetu kujifunza habari za msitu huanzia kwenye doria. Mnalindaje? Mgambo wangapi? Pikipiki mnayo? Mimi ni katibu wa Kamati ya Maliasili, sikatai kumjibu, ila kwanza namfungulia daftari la magunia. Jina la mchomaji, namba ya kitalu (kipande cha msitu alichopewa kukata), idadi ya magunia, namba ya risiti, sahihi au dole gumba. Kijiji chenye daftari hilo, linalosomwa mbele ya watu, kina msitu. Chenye pikipiki bila daftari kina pikipiki tu, nayo baada ya mwaka utaikuta juu ya matofali nyuma ya nyumba ya mtu.

Niko Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa misitu ya miombo unaoelekea Mikumi. Nalima ufuta na mahindi, na mume wangu amechoma mkaa tangu kabla hajanioa. Naandika haya kwa ajili ya kijiji ambacho bado kina msitu wa asili kwenye ardhi yake, kila mtu anakata kivyake, na watu wamechoka kuona lori linaondoka limejaa huku zahanati haina hata mlango.

Jueni kwanza msitu ni wa nani

Hili ndilo linaloangusha vijiji vingi kabla hata havijaanza. Msitu ulio ndani ya mipaka ya kijiji chenu, kwenye ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mnaweza kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Mkishautangaza na mpango wa usimamizi ukapita, nyinyi ndio wenye mamlaka: mnapanga matumizi, mnatoza, mnapiga faini, na mapato yanabaki kijijini.

Msitu ulio jirani na kijiji lakini ni hifadhi ya Serikali Kuu au ya halmashauri ya wilaya una njia nyingine, usimamizi wa pamoja, ambao hufungwa kwa mkataba kati ya kijiji na mwenye msitu. Niseme wazi: njia hiyo ya pili mimi siisifii sana. Misitu mingi ya namna hiyo ni vyanzo vya maji, kama ile ya milima ya Uluguru na Usambara, na pale hakuna cha kuvuna zaidi ya kuni kavu, dawa na asali. Kijiji kinapewa doria, moto na nyani. Mgawo unakuja haba au mkataba unakaa mezani miaka bila kusainiwa. Kama hali yenu ndiyo hiyo, msiingie porini kulinda hadi karatasi ya mgawo isainiwe pande zote mbili.

Kwa hiyo nendeni ofisi ya mtendaji muulize cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi. Kisha ramani. Kisha kama kuna mpango wa matumizi bora ya ardhi, ule unaoonyesha eneo la kulima, la malisho, la makazi na la msitu. Visipokuwepo, hapo ndipo pa kuanzia. Msiongopewe na mtu yeyote kwamba mtavipata baadaye.

Utaratibu huu haukutoka ofisini ukatushukia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, kule Babati, kuwa hifadhi yake. Wananchi walipoona unachukuliwa, wakazidi kuukata: cha kesho si chako, chukua cha leo. Ukataji ulitulia pale vijiji vyenyewe, vinane, vilipoachiwa kila kimoja kisimamie kipande chake. Kiteto nako vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo viliunganisha misitu yao ikaitwa SULEDO, na mwaka 2002 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sheria ya Misitu ilitungwa mwaka huohuo. Afisa akikuambia wanakijiji hawawezi kusimamia msitu, mtajie hayo mawili kwa heshima.

Anzeni na wanaokata

Desturi ni kuitisha mkutano mkuu, mtaalamu anahutubia juu ya mvua na mabadiliko ya tabianchi, watu wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani. Mchoma mkaa hayupo mkutanoni. Yuko porini, anamalizia tanuri lake kabla hamjamfikia.

Sisi tulikaa na wakataji kwanza, kitongoji kwa kitongoji, chini ya mti, bila karatasi ya mahudhurio, maana karatasi ya mahudhurio mbele ya mtu anayevuna bila kibali ni sawa na kumwita polisi. Tuliwauliza mambo ya kawaida. Unachoma miezi gani? Hela inakwenda wapi? Ungeacha, ungekula nini? Majibu yalikuwa karibu yale yale: mkaa ni wa miezi ambayo ghala limekwisha na mahindi mapya bado ni maua, ni wa ada na sare mwezi Januari, ni wa mgonjwa. Vijana wawili watatu walisema ni wa pikipiki, nao hawakudanganya. Mzee mmoja, mchomaji wa siku nyingi, alituuliza: "Mnataka msitu, au mnataka mimi niondoke? Kama ni mimi, semeni nijue." Swali lile ndilo lililotengeneza mpango wetu. Tulimjibu kwamba atapewa kitalu, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha. Likawa.

Msikae na wachoma mkaa peke yao. Wapasua mbao, warina asali, waganga wa tiba asili, akina mama wa kuni na uyoga, na wafugaji. Wafugaji hasa. Kilosa tunajua gharama ya wakulima na wafugaji kutosikilizana. Mwaka 2000 watu waliuawa Rudewa, na hakuna aliye salama kwa kujifanya jambo hilo limekwisha. Mfugaji akikuta mpango umeshapitishwa na njia ya ng'ombe kwenda mtoni imekatwa katikati na hifadhi, hatakuja kulalamika kwenye kamati. Atapita tu.

Kamati na mkutano

Kamati ya Maliasili huchaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na inawajibika kwa halmashauri ya kijiji. Sheria inataka jinsia izingatiwe. Wengi huzingatia kwa kuwaweka wanawake wawili waandae chai. Wekeni mwanamke penye fedha au penye kalamu. Sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mmoja wao (basi, kidogo). Nasema kwa kuwa anayetafuta kuni kila siku ya tatu anaujua msitu kuliko anayekwenda na doria mara moja kwa mwezi.

Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati. Mtendaji asiwe mweka hazina. Na mchoma mkaa awemo ndani ya kamati, angalau mmoja anayechoma kweli, maana yeye ndiye anayeweza kuangalia lundo la magogo akakuambia litatoa magunia mangapi, na hapo udanganyifu unakwisha.

Siku ya mkutano isiwe siku ya gulio wala wiki ya kupalilia. Akidi isipotimia, ahirisheni; muhtasari wa mkutano usio na akidi ni karatasi ya kufungia karanga, na wakili wa mfanyabiashara wa mbao ataigundua siku ya kesi. Andikeni majina, sahihi, hoja zilizopingwa na waliozipinga.

Mipaka

Mpaka tembeeni na wazee wa kijiji jirani, siku moja, njia moja, mkila pamoja. Vijana wa GPS wawafuate nyuma wakichukua alama pale wazee wanaposimama. Mkitanguliza mashine, mnapata ramani nzuri na ugomvi wa miaka kumi. Palipo na ubishi, ruka, weka alama ya kuuliza, endelea. Rudini baadaye na mtendaji wa kata. Pakeni rangi kwenye miti ya mpakani, wekeni vibao, na safisheni mkuza, yaani ukanda uliofyekwa kufuata mpaka, ambao utawasaidia pia kuzuia moto kichaa.

Na mashamba yaliyokwisha kuingia ndani ya eneo? Kuna watakaosema yafyekwe. Mimi nasema pindisheni mpaka. Hifadhi yenye kona mbaya kwenye ramani ni bora kuliko kaya yenye kinyongo na kiberiti.

Kupima na kugawa vitalu

Afisa misitu wa wilaya atakuja kufundisha tathmini shirikishi ya rasilimali ya misitu. Kazi yenyewe haitishi. Mnachagua maeneo ya sampuli, mnapima unene wa kila mti kwa utepe kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, mnaandika jina. Andikeni jina la kienyeji kwanza, yeye ataweka la kitaalamu. Myombo, mtondoro, mninga, mkongo, mpingo: wanakijiji hawahitaji kitabu kuzitofautisha.

Baada ya hapo mnagawa msitu. Sehemu kubwa inabaki hifadhi: miteremko mikali, kingo za mito, chemchemi, maeneo ya matambiko. Sehemu inakuwa ya mbao. Na sehemu ndogo tu ndiyo ya mkaa. Kwetu Kilosa utaratibu wa mkaa endelevu ulianza mwaka 2012 kupitia mradi wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa jamii wa MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita anaimaliza ubaoni. Kitalu kimoja ni mita 50 kwa 50, yaani robo hekta. Mzunguko ni miaka 24, ili kitalu kilichokatwa mwaka huu kisiguswe tena hadi mtoto aliyezaliwa leo awe na mtoto wake. Tuseme eneo la mkaa ni hekta 480. Gawa kwa 24, unapata hekta 20 kwa mwaka, nazo ni vitalu 80. Havikatwi vikifuatana; kinakatwa kimoja, cha jirani kinaachwa, kama ubao wa drafti pale kijiweni, ili mbegu na wanyama wasiwe mbali na machipukizi.

Vitalu 80 ndiyo 80. Mwaka wa uchaguzi vijana watakuja na hoja ya 120, na atakuwepo kiongozi wa kuwaunga mkono. Hapo ndipo mnafungua mpango, mnasoma ukurasa, mnafunga mpango.

Sheria ndogo

Hapa nitapita haraka kwa kuwa njia imenyooka, ni ndefu tu. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaipitisha, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, inaishia Baraza la Madiwani. Inaweza kulala wilayani miezi. Mwekeni mtu wa kuifuatilia na mmlipe nauli. Faini ziwe zinazolipika; faini kubwa kuliko thamani ya baiskeli ya mkosaji huzaa rushwa, kwani ni nafuu kwake kumpa mgambo elfu kumi. Na mara tu zikishapita, toeni nakala, moja ibandikwe ofisini, moja ikae kwa kila mwenyekiti wa kitongoji.

Ofisi ya misitu ya wilaya iulizeni kila mwaka kama kuna tangazo jipya. Kanuni za uvunaji hubadilika. Tangazo la Serikali Na. 417 la 2019 lilipotoka, taratibu za vibali zilibadilika na vijiji vya huku vilivyokuwa vinavuna vizuri viliyumba. Aliyekuwa amepanga bajeti yote ya shule juu ya mkaa aliumia kuliko wote.

Siku ya kuvuna

Mchomaji anakuja na kitambulisho chake cha kikundi, anaonyeshwa kitalu chake na mjumbe wa kamati, wanazunguka pembe nne wote wawili. Miti isiyokatwa inapakwa rangi mbele yake: ya mbao kama mninga na mpingo, yenye mzinga, yenye kiota kikubwa, na iliyo karibu na maji. Ile iliyobaki ndiyo yake.

Kisiki kiachwe hai. Kata chini kidogo ya goti, kwa shoka kali, kwa mshazari ili maji ya mvua yateleze yasituame. Usichimbe mizizi, usirundike matawi juu ya kisiki ukayachoma. Miombo ina hulka ya kuchipua yenyewe. Mvua za kwanza zikinyesha utaona majani mekundu yametoka pembeni ya kisiki. Kinachoua machipukizi ni moto na mbuzi, si shoka. Mpandaji miche wa kwenye sherehe hapendi kusikia hilo, ila kwenye kitalu cha miombo miche ni kazi bure, visiki vinatosha.

Magogo yakauke kwanza. Mume wangu huyaacha hadi gome linaanza kuachia na ukigonga mawili yanalia kavu. Mti mbichi unakula kuni zako mwenyewe kuchemsha maji yake, mkaa unatoka haba na mwepesi. Kisha tanuri: magogo mawili matatu marefu chini yakiacha njia za hewa, mengine juu yake kwa kukingama, manene katikati, membamba kuziba nafasi. Nyasi mbichi zinalazwa nene, halafu udongo. Upande mmoja mlango wa kuwashia, upande wa pili dohani.

Baada ya hapo ni moshi tu unaokuongoza. Mwanzoni unatoka mweupe mzito, unakuchoma macho: hayo ni maji. Unaendelea hivyo, unalala pale pale, kwa kuwa udongo ukidondoka sehemu moja hewa inaingia na asubuhi unakuta jivu. Moshi ukigeuka mwembamba wa rangi ya samawati, karibu hauonekani, mkaa umeiva. Ziba kila tundu. Uache upoe kabisa. Gunia linaloonekana limepoa limeshawahi kuwasha lori zima barabarani.

Nimeandika haya kwa urefu kwa makusudi. Kamati nyingi zinasimamia mkaa bila mjumbe hata mmoja aliyewahi kukesha kwenye tanuri, na mchomaji anawadharau kimyakimya.

Hela

Gunia lipimwe. Anayenunua mkaa porini anataka lumbesa, gunia lenye kilemba cha nyasi juu kinachokaribia kuwa gunia la pili. Mchomaji anakubali kwa kuwa ana shida. Kijiji kinatoza kwa gunia, kwa hiyo lumbesa inamwibia mchomaji na kijiji kwa pamoja. Amueni kipimo kimoja, kiandikwe kwenye sheria ndogo, na geti la kijiji lisipitishe kingine. Mwezi wa mwanzo walanguzi watagoma na kwenda kijiji cha pili. Ongeeni na kijiji cha pili kabla.

Malipo ya kijiji yalipwe kabla gunia halijaondoka, kwa risiti ya kijiji, fedha ziende benki. Mweka hazina asilale nazo. Asiwe na sababu ya kulala nazo, hata kama ni shemeji yako na ni mlokole. Hati ya kusafirishia inafuata baada ya risiti, kamwe isitangulie.

Kisha mgawo. Kaeni mkubaliane kwenye mkutano mkuu, kwa asilimia, fungu lipi linabaki kwa kamati kwa ajili ya doria, rangi, moto na mafunzo, na lipi linakwenda maendeleo ya kijiji. Msipoweka fungu la msitu, mwaka wa pili hamna buti wala betri za tochi. Mkiweka kubwa mno, linakuwa posho. Posho ilipwe kwa kazi iliyofanyika: doria iliyoandikwa, kitalu kilichokaguliwa. Posho ya vikao ndiyo mchwa wa kamati hizi.

Fungu la maendeleo liende kwenye kitu ambacho hata asiyekanyaga msituni anakigusa. Vijiji vya Kilosa vimejenga madarasa, zahanati na ofisi kwa hela ya mkaa. Kimoja kililipia kaya zake Mfuko wa Afya ya Jamii. Mimi napendelea mambo ya namna ya mwisho. Darasa lina jiwe la msingi na jina la kiongozi, na kaya isiyo na mtoto shuleni hailioni. Kadi ya matibabu iko mfukoni mwa kila mtu, na bibi kizee aliyekatazwa kukata kuni mbichi anajua alichopata badala yake.

Mapato na matumizi yasomwe kila mkutano mkuu wa robo mwaka, kwa sauti, mstari kwa mstari, siyo jumla. Husomi "mafuta ya pikipiki, elfu themanini". Unasoma tarehe ngapi, alikwenda nani, wapi. Bandika nakala ukutani na uiache mpaka ichanike. Nilipoanza kusoma hivyo watu walisinzia. Mkutano uliofuata, mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliinuka akauliza mbona kitalu cha mtu fulani kimetoa magunia mengi kuliko miti iliyokuwemo. Alikuwa amekipita akienda kuokota uyoga. Mchomaji alikuwa amevuka mpaka akachukua nusu ya kitalu cha jirani ambacho mwaka ule kilipaswa kupumzika. Doria haikuona. Alilipa faini, tukakifuta kitalu cha jirani kwenye orodha ya mwaka wake, na tangu siku hiyo usomaji hauna wa kusinzia.

Wanaoumia

Msitu ukistawi, kuna wanaolipa bei yake. Shamba la mpakani linavamiwa na nyani, ngedere na nguruwe pori, na mwenye shamba mara nyingi ni yule aliyepewa ardhi ya pembezoni kwa kuwa hana uwezo. Mpangieni zamu za kulinda kwa fungu la kamati, au mpeni nafasi ya kwanza kwenye kitalu. Kuni kavu na uyoga visiwe vya kuombea kibali. Ziwekeni siku za wazi, na siku hizo zisipungue wakati wa masika ambapo hata kuni za nyumbani zimelowa.

Vikundi vya uchomaji navyo viangalieni. Vilianza na maskini, baada ya misimu michache mwenye mtaji anasajili jina la mpwa wake, anaajiri vibarua, na mchomaji halisi anageuka kibarua kwenye kitalu kilichotakiwa kuwa chake. Dawa yetu ni kwamba mtu hapati kitalu cha pili kabla wote waliojiandikisha hawajapata cha kwanza, na mwenye kitalu aonekane kwenye tanuri lake. Haijaziba mianya yote.

Moto kichaa unakuja Agosti na Septemba, wa kuandaa mashamba, wa warina asali, wa wawindaji. Choma mkuza mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, na mfundishe mrina asali kutumia moshi bila kuacha kienge porini.

Msitegemee mkaa peke yake

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja zilishapigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Mnaweza kubishana kama Dar es Salaam itaacha mkaa mapema hivyo. Mimi nawaona wanunuzi wangu bado wanakuja. Lakini mpango wa miaka 24 unaosimama kwenye bidhaa moja ambayo sera inaikimbia hauna akili.

Angalieni Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo la huko, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha kuvuna misitu yao ya asili kwa uendelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya jamii. Mpingo unatengeneza klarineti na zumari za wazungu, na gogo moja lililonyooka lina thamani ambayo magunia ya mkaa hayaifikii. Hauvunwi ukiwa na kipenyo chini ya sentimita 24, na huchukua miongo mingi kufika hapo, kwa hiyo aliye na mpingo auhesabu mti mmoja mmoja kabla hajaruhusu shoka lolote karibu nao. Sisi tuna mninga zaidi. Tumeanza kuuza mti ukiwa umesimama, kwa zabuni ya wazi, badala ya kumsubiri mnunuzi atutajie bei. Mizinga nayo tundikeni kwenye vitalu vilivyopumzika. Asali haijengi zahanati, ila inalipa sare za shule na inaleta macho ya watu kwenye kitalu kila baada ya wiki chache.

Muda wa mpango ukiisha

Mpango wa usimamizi una muda wake, mara nyingi miaka mitano, na ukiisha mkaendelea kuvuna mnavuna bila mpango. Anzeni kuupitia mwaka mmoja kabla. Rudieni kupima maeneo yale yale ya sampuli, na pelekeni wale wale wazee kwenye vitalu vya mwaka wa kwanza wakahesabu machipukizi. Msitu ukishasimamiwa miaka mitatu, sheria inawaruhusu kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ombeni. Mkutano mkuu ujao unaweza kubadili mawazo yake, na mwekezaji huja na chakula cha mchana. Tangazo la gazeti ni gumu kulipindua.

Kamati ikibadilika, makabidhiano yafanyike ofisini mbele ya mtendaji na wajumbe wa pande zote mbili: daftari la magunia, vitabu vya risiti vilivyotumika na visivyotumika, taarifa za benki, ramani, sheria ndogo zenye muhuri, orodha ya vitalu na mwaka wa kila kimoja kukatwa, nyundo ya kugongea magogo, GPS na chaja yake. Chaja hupotea kuliko kitu kingine chochote. Andikeni namba ya mwisho ya risiti iliyokatwa, wote wasaini, na katibu wa zamani abaki na nakala.